Jani Likianguka: Kwa Nini Hapa Linaoza Upesi na Pale Linakawia



Kila siku alfajiri, kabla magari hayajajaa barabarani, wenzetu wafagizi wa Kampala wamekwisha kuinama na mafagio yao. Katika vilima vya Nakasero, Kololo na Makerere, penye miti mikubwa ya zamani, majani ya jana yamefagiwa na ya leo yamekwisha kuanguka. Mengine hutiwa moto, mengine hufungwa katika kaveera yangoje lori, na mengine, tuseme kweli, husukumwa mtaroni. Wako pia wenzetu watunza bustani wa mashule, mahospitali na mahoteli ambao wameagizwa kutengeneza mboji. Mara nyingi nyapara hufika na kuuliza: "Fungu hili mbona liko vile vile tangu Januari? Nyinyi mnafanya kazi au mnalala?" Mfanyakazi hana la kujibu, hunyamaza, na lawama inamkalia.

Katika makala haya tunataka kumpa jibu. Jani lina sababu za kuoza upesi na lina sababu za kukawia, na sababu hizo zinajulikana. Anayezijua ataifanya kazi yake vizuri zaidi, na tena ataweza kumweleza mkubwa wake ni kitu gani kimekosekana.

JANI HALIOZI LENYEWE

Watu wengi hudhani kwamba jani huoza lenyewe tu, kama nguo inavyochakaa. Sivyo. Jani huozeshwa, na wanaoliozesha ni viumbe hai. Kwanza mvua huliosha na kuchukua sukari na chumvichumvi zinazoyeyuka upesi. Halafu ukungu na bakteria, ambavyo ni vidogo mno kwa macho yetu, hulivamia na kulimeng'enya. Pamoja navyo huja jongoo, nyungunyungu na mchwa, ambao hulitafuna na kulikatakata. Jani lililokatwa vipande lina nafasi nyingi zaidi za kuvamiwa na ukungu na bakteria, kwa hiyo kazi ya wadudu hawa huirahisisha kazi ya wale wadogo.

Mchwa wa vichuguu wana ufundi wao. Wale wakubwa, ambao kumbikumbi wao tunawala kwa furaha mvua zinapoanza, hawawezi kuumeng'enya ugumu wa jani peke yao. Hulichukua chini ya ardhi na kulima juu yake ukungu wa namna maalumu, kisha hula mazao yake. Uyoga ule wa kichuguu unaopendwa sana Buganda ni ukungu huo huo umechipua juu ya ardhi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya fungu lisilooza ni hili: je, wafanyakazi hawa wadogo wanapata mahitaji yao? Mwaka 1979 wataalamu watatu, Swift, Heal na Anderson, walitoa kitabu juu ya jambo hili, wakaeleza kwamba mambo makubwa ni matatu: hali ya mazingira, aina ya kitu kinachooza, na viumbe wanaokiozesha. Tuyatazame kwa mifano ya hapa kwetu.

MAJI

Hapa Kampala jambo la kwanza ni maji. Mji wetu hupata mvua ya karibu milimita 1,200 au zaidi kidogo kwa mwaka, lakini haigawanyiki sawasawa. Zipo mvua za Machi hadi Mei, na zipo mvua za Septemba hadi Desemba. Katikati ya hizo kuna Januari na Februari, na tena Juni na Julai, ambapo mvua hupungua na majani yaliyo juu ya ardhi hukauka hata yakavunjika mkononi kama karatasi.

Ukungu na bakteria huishi ndani ya utando mwembamba wa maji. Utando huo ukikauka, hawawezi kula wala kuzaana. Wengi husinzia wakingoja mvua. Mvua ya kwanza ikinyesha huamka katika muda mfupi, na fungu lililokuwa kimya miezi miwili huanza kushuka. Hili ndilo jibu la mtunza bustani aliyeulizwa habari za Januari. Fungu lake halikuoza kwa sababu lilikuwa kavu, na lilikuwa kavu kwa sababu hakupewa maji wala kifuniko.

Kipimo cha maji ni rahisi, hakihitaji chombo. Shika konzi ya mboji kutoka katikati ya fungu uikamue kwa nguvu. Ikitoa tone moja mawili, maji yanatosha. Isipotoa kitu na ikamwagika kama vumbi, ni kavu mno. Maji yakitiririka, yamezidi. Kwa hesabu ya wataalamu, maji yanapaswa kuwa kiasi cha nusu ya uzito wa fungu au zaidi kidogo.

JOTO

Kwa upande wa joto sisi tumejaliwa. Kampala iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na joto lake hukaa kati ya nyuzi 17 na 28 za sentigredi karibu mwaka mzima. Viumbe wanaoozesha hupenda hali hiyo. Kwa kadiri, joto likipanda kwa nyuzi 10, kazi yao huongezeka karibu mara mbili, mradi maji yapo na joto lisipite mpaka. Ulaya majira ya baridi husimamisha kazi hiyo kwa miezi, na majani ya mwaka huu hukutwa bado yapo mwaka ujao. Katika misitu ya joto na mvua kama Mabira, sehemu kubwa ya majani yanayoanguka hutoweka katika muda wa mwaka mmoja. Ndiyo maana ukitembea msituni humo huzami katika majani, ijapokuwa miti haiachi kuyaangusha.

Lakini hata hapa Uganda joto halilingani kila mahali. Panda mlima Rwenzori hadi kupita mita 3,000, ufike kwenye matope ya Bigo. Huko ni baridi, na ardhi imejaa maji daima. Majani na nyasi zilizokufa hazimalizwi. Hulundikana miaka kwa miaka, zikawa tabaka nene jeusi lenye kudidimia mguu. Sasa nenda Karamoja. Joto lipo la kutosha, lakini mvua ni kidogo na kiangazi ni kirefu. Huko jani huliwa na mifugo au mchwa, au hukauka na kuvunjwavunjwa na jua kali. Tunaona basi kwamba joto peke yake halitoshi, na maji peke yake hayatoshi. Ni lazima viende pamoja.

HEWA

Jambo la tatu husahauliwa sana, nalo ni hewa. Viumbe wanaoozesha kwa haraka huvuta oksijeni kama sisi. Ukiwanyima hewa, wao hukoma, na nafasi yao huchukuliwa na bakteria wa namna nyingine wanaoishi pasipo hewa. Hao hufanya kazi polepole na hutoa gesi ya methani na harufu mbaya.

Mfano mzuri ni mabonde yetu ya mafunjo, kama Nakivubo na Lubigi. Mafunjo hukua kwa kasi ajabu, lakini yakifa huangukia majini ambamo hewa ni haba, hivyo mabaki yake hulundikana chini. Mabonde hayo yana faida kubwa, maana huchuja maji machafu ya mji, na la Nakivubo huyachuja kabla hayajaingia ziwani, na sisi hunywa maji yanayovutwa kutoka ziwa hilo hilo pale Ggaba.

Mfano mbaya ni mtaro. Jani lililosukumwa mtaroni hulala chini ya maji yaliyosimama, likawa jeusi, likatoa harufu kama ya yai viza. Haliozi upesi, bali hushikana na mchanga na kaveera na kuziba njia. Mvua kubwa ikija maji hukosa pa kupita, na barabara za mabondeni hugeuka mito. Mfanyakazi aliyelisukuma jani asubuhi ndiye huyo huyo anayevua viatu jioni akivuka maji kwenda nyumbani. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Kaveera iliyofungwa ni mtaro mdogo. Majani mabichi yakifungwa humo hukosa hewa, hutoa majimaji na kunuka. Na juu ya lami, kinyume chake, hewa ipo tele, lakini maji hayakai, jua linachoma, na nyungunyungu hawawezi kupanda kutoka ardhini. Jani la lami husagwa na magurudumu likawa vumbi, likaingia vifuani mwetu.

AINA YA JANI

Sasa tuje kwenye jani lenyewe. Wafagizi wote wanajua, hata bila kusoma, kwamba majani hayafanani. Jani la mwembe, la mfenesi au la mkaratusi hukaa muda mrefu. Majani ya maharage hutoweka kabla hujayasahau. Sababu yake ni tatu.

Ya kwanza ni nitrojeni, ambayo ndiyo chakula cha kujengea mwili wa viumbe wanaoozesha. Jani lenye nitrojeni nyingi huliwa kwanza. Ya pili ni lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu. Ni wachache wanaoweza kuivunja, hasa aina fulani za ukungu. Ya tatu ni tanini na jamaa zake, vitu vikali ambavyo mti hujilindia usiliwe na wadudu. Ukali huo hauishi mara jani linapokufa. Mkaratusi una mafuta na tanini, na ndiyo sababu chini yake majani hulundikana.

Kwa kadiri ya wataalamu wa udongo wa nchi za joto, jani lenye nitrojeni zaidi ya asilimia 2.5, lignini chini ya asilimia 15 na tanini kidogo linaweza kufukiwa moja kwa moja shambani likawa mbolea ya haraka. Liko ua moja la manjano linalofanana na alizeti, ambalo huota ovyo kandokando ya barabara, jina lake la kitaalamu Tithonia. Majani yake mabichi yana nitrojeni ya kiasi cha asilimia 3.5, na majaribio ya Kenya magharibi yalionyesha kwamba wakati wa mvua nusu yake huweza kuoza katika juma moja hivi. Watu hulifyeka na kulitupa, kumbe ni mbolea.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mti si mpumbavu. Kabla ya kuliangusha jani, huvuta kutoka ndani yake sehemu kubwa ya nitrojeni na kuiweka akiba. Kwa hiyo jani la manjano lililoanguka lenyewe ni maskini kuliko jani bichi la tawi lililokatwa, na litakawia zaidi kuoza, hata kama yametoka mti mmoja.

Hapa tunatoa onyo. Ukifukia majani magumu makavu katika tuta la sukuma au nyanya, mimea inaweza kugeuka manjano. Viumbe wanaoozesha, wakikosa nitrojeni ndani ya jani, huichukua kutoka udongoni na kuinyima mimea. Majani ya namna hiyo yatandazwe juu ya ardhi. Huko ugumu wake ni faida: yatazuia mvua isichukue udongo na jua lisikaushe shina la mgomba. Kukawia kuoza si kosa daima. Inategemea unataka jani likufanyie kazi gani.

KUTENGENEZA FUNGU

Mtu akiyashika mambo hayo manne, yaani maji, joto, hewa na aina ya jani, hatahitaji kukariri mengine. Achanganye majani makavu na vitu vibichi: maganda ya matoke, majani mabichi yaliyofyekwa, samadi. Kwa kipimo cha macho, makarai mawili au matatu ya makavu kwa karai moja la vibichi. Majani magumu yakatwekatwe kwa panga kwanza. Fungu lisiwe dogo mno, maana joto litapotea. Mita moja kila upande yafaa. Liwekwe juu ya udongo na si juu ya saruji, penye kivuli, na lifunikwe kwa majani ya mgomba ili mvua kubwa isililoweshe na jua lisilikaushe.

Fungu lililofanywa vizuri hupata moto lenyewe. Baada ya siku chache katikati yake hufika nyuzi 55 hadi 65, kiasi cha kuua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Joto likianza kushuka, ligeuzwe kwa uma ili lipate hewa upya. Likinuka vibaya, limekosa hewa au limezidi maji. Likikaa baridi na kavu, limekosa maji au vitu vibichi.

Anayetaka kuhakikisha maneno yetu afanye jaribio ambalo wataalamu wamelitumia tangu miaka ya 1950. Achukue mifuko minne ya wavu, ile ya kuuzia vitunguu. Ndani ya kila mmoja atie majani makavu ya mwembe yenye uzito sawa, apimiwe katika mizani ya dukani. Mmoja auweke chini ya kivuli cha mti, mmoja juani penye saruji, mmoja ndani ya maji yaliyosimama, na mmoja katikati ya fungu la mboji. Kila mwezi atoe, asafishe udongo, akaushe na kupima. Kabla ya miezi mitatu kwisha atakuwa na ushahidi wa kumwonyesha nyapara ambao hauna ubishi.

MAMBO YANAYOTUHUSU SISI

Huenda mtu akauliza: habari za majani zina uhusiano gani na chama cha wafanyakazi? Uhusiano upo, na ni mkubwa.

Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya jaa la Kiteezi, ambalo lilikuwa likipokea taka za Kampala tangu mwaka 1996, iliporomoka juu ya nyumba na watu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hatusemi kwamba majani ndiyo yaliyoua. Lakini zaidi ya nusu ya taka za mji wetu ni vitu vya kuoza: maganda, mabaki ya vyakula, nyasi na majani. Vitu hivyo vikirundikwa mlima mzima pasipo hewa huoza kwa njia ile mbaya: hutoa methani inayoweza kushika moto, hutoa maji machafu, na kadiri vinavyooza fungu hubonyea na kulegea, huku mvua ikiliongezea uzito. Kila toroli la majani linalobaki bustanini likawa mboji ni toroli moja lisilokwenda kuongeza mlima wa namna hiyo.

Kuchoma nako si njia. Moto hupeleka nitrojeni yote karibu angani na kuacha majivu, ambayo mvua huyachukua. Moshi wake hubeba chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na wa kwanza kuuvuta ni mfanyakazi aliyeamriwa kuwasha kibiriti.

Lakini mboji nayo ina hatari zake, na tusizifiche. Fungu la moto huotesha ukungu uitwao Aspergillus, ambao mbegu zake hupeperuka pamoja na vumbi na kudhuru mapafu, hasa ya mwenye pumu au mwenye mwili dhaifu. Kwa hiyo fungu kavu linyunyiziwe maji kabla ya kugeuzwa, na mgeuzaji asimame upande upepo unakotoka, tena afunike pua kwa barakoa. Ndani ya majani ya mjini kuna vipande vya chupa na sindano. Glavu na buti ni lazima. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Si hisani, ni wajibu wake.

Tunashauri basi kwamba kila tawi lenye wafagizi na watunza bustani lipeleke kwa mwajiri maombi haya: mahali pa kivuli pa kuwekea mboji, maji wakati wa kiangazi, uma, panga na toroli, glavu, buti na barakoa, saa za kugeuza fungu zihesabiwe kuwa saa za kazi, na amri ya kuchoma majani ikomeshwe. Mwajiri atapata mbolea ya bustani yake bila kuinunua, na malori yake yatapunguza safari. Tukimweleza hivyo, kwa hoja na kwa ushahidi wa mizani, itakuwa vigumu kwake kukataa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wenzetu wamekwisha kuinama kwa miaka mingi. Kilichobaki ni kujua wanainamia nini. Nyapara akiuliza tena kwa nini fungu halijaoza, ajibiwe kwa adabu lakini bila woga: "Bwana, tupatie maji, utaona."